Mnahesabu waliopanda, waliobaki kituoni je? Barua ya wazi kwa mabosi wa makampuni ya intaneti

Wakubwa zangu, shikamooni.

Najua mko bize, na najua hii barua pengine ataisoma kwanza yule kijana wenu anayejibu watu "pole sana ndugu mteja, tutumie namba yako inboksi tukuhudumie". Sio mbaya, naye asome, ila ampelekee bosi wake na bosi ampelekee yule anayesaini bajeti ya mtandao, maana huyo ndo namuandikia hasa.

Mimi ni fundi wa mtandao, niko Dar. Zamani nilikaa miaka minne kwenye chumba cha kuangalia mtandao cha kampuni moja ya intaneti, siitaji, zamu za usiku, skrini ukuta mzima, kiyoyozi kinakufanya uvae koti wakati nje watu wanalowa jasho. Siku hizi naangalia mtandao wa hosteli moja ya wanafunzi upande wa Ubungo. Kwahiyo nimeshakuwa upande wenu na nimeshakuwa mteja wenu, matusi ya pande zote mbili nayajua.

Kilichonifanya niandike ni grafu. Mwezi uliopita hosteli ilikuwa haikaliki, kila siku ikifika saa mbili usiku mtandao unakuwa uji, video inazunguka tu, mtu anaongea na mama yake WhatsApp anasikika kama katumbukia kisimani, wanafunzi wananigongea mlango, kuna mmoja alikuwa na kazi ya chuo ya kupandisha kabla ya saa sita usiku alikuwa analia kabisa. Halafu ikifika saa sita mtandao unarudi kama hakuna kilichotokea. Nikapima upande wangu wote, ruta sawa, nyaya sawa, wifi sawa, nikachomeka laptopu moja kwa moja kwenye kifaa cha kampuni na bado pingi, yaani muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi, ni ileile ya kutisha. Nikapiga simu. Siku ya tatu nikaletewa jibu kwa imeili na grafu juu yake: ndugu mteja, laini inayohudumia eneo lako imetumika asilimia 48, uwezo upo wa kutosha, tafadhali kagua vifaa vyako.

Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kulikoni. Nilicheka kwasababu grafu kama zile nilikuwa nazipika mimi mwenyewe. Na niseme mapema ili tusigombane bure, sidhani kama nilidanganywa, 48 ni namba ya kweli kabisa, ila ni wastani wa saa 24, umechukua saa tisa usiku watu wamelala ukachanganya na saa tatu usiku watu wote wako hewani ukagawanya. Ni kama mtu akwambie Barabara ya Morogoro haina foleni, ukichukua siku nzima pamoja na usiku wa manane magari ni ya kawaida tu. Mwambie hivo mtu aliyekaa Kimara saa mbili asubuhi uone atakujibu nini.

Ila hilo la wastani ni dogo, mkishtuliwa kidogo tu mnalirekebisha. Kubwa lenyewe lilikuwa kwenye picha ileile waliyonitumia na sidhani kama aliyenitumia aliliona. Ile grafu jioni ilikuwa inapanda vizuri, inapanda, inapanda, halafu ikifika saa mbili inanyooka bapa kama meza mpaka karibu saa tano, ndo inaanza kushuka. Siku ya pili hivohivo, siku ya tatu hivohivo, urefu uleule. Wakubwa, matumizi ya watu hayana umbo la meza. Watu wanapanda na kushuka, mmoja anaoga, mwingine anakula, jana kulikuwa na mechi leo hakuna, mstari lazima utetereke. Ukiona meza ujue hapo hupimi tena watu wanataka nini, unapima laini yako mwisho wake uko wapi.

Fikiria daladala. Gari linabeba watu 30, konda anarudi jioni, bosi anamuuliza leo umebeba wangapi, anasema kila tripu 30. Bosi anapiga mahesabu anasema safi, mahitaji ni watu 30 kwa tripu, gari linatosha. Hakuna hata mmoja pale anayeuliza kituoni walibaki wangapi, na hao hawapo popote kwenye daftari la konda, maana wengine walipanda boda, wengine walitembea, wengine wakasema basi naenda kesho. Ndo grafu zenu zilivyo. Mnawahesabu waliopanda.

Na kwenye intaneti waliobaki kituoni ni wagumu zaidi kuwaona kwasababu hawapigi kelele, kompyuta zenyewe zina adabu sana. Video ikiona njia nyembamba inajishusha ubora yenyewe, ulikuwa unaangalia picha safi sasa unaangalia ukungu. Programu ya simu inasema nitapandisha hizi picha baadae. Na chini kabisa kuna ile itifaki, yaani kanuni za kompyuta kuongea, inayobeba mizigo mingi, TCP, ambayo imefundishwa kurudi nyuma paketi, vile vipande vidogo ambavyo data hukatwa ili isafiri, zikianza kupotea. Hii ina historia tamu. Oktoba 1986 huko California mtandao kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo cha Berkeley, majengo ambayo hayafiki hata nusu kilomita kutoka moja hadi lingine, ulianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde mpaka biti 40. Sio kilobiti 40, biti 40. Kila kompyuta ilikuwa ikiona paketi haijafika inatuma tena na tena bila huruma, zikazidi kubanana mlangoni hakuna anayepita. Jamaa anaitwa Van Jacobson akakaa na hilo tatizo, na mwaka 1988 akatoa ile dawa ambayo vizazi vyake mpaka leo viko kwenye simu zetu: ukiona paketi imepotea punguza mwendo kwanza, kisha ongeza kidogokidogo. Kwahiyo laini yenu ikijaa haipasuki, ila watu wote wanakuwa wapole kwa pamoja, kila mtu anajibana kidogo, na nyie kwenye skrini mnaona mstari umetulia. Umetulia kweli, kama dagaa kwenye ndoo.

Waliobaki kituoni wanapimika, kaunta za kuwahesabu zimo kwenye vifaa mlivyonunua wenyewe kwa hela nyingi. Kila poti ya ruta, lile tundu la kuchomekea waya, ina kaunta ya paketi zilizotupwa kwasababu foleni ilijaa. Nimekaa zamu miaka minne, sikuwahi kuona kaunta hiyo imewekwa kwenye skrini kubwa, skrini kubwa ilikuwa na ramani ya nchi yenye vitaa vya kijani vya kuonyesha wageni. Kitu kingine ni muda wa kwenda na kurudi. Pale hosteli kwangu mchana pingi ya kwenda kwenye kifaa chenu cha kwanza ni milisekunde 6 au 7, saa tatu usiku ni 190. Waya ni uleule, umbali ni uleule, mwanga haujachoka. Hizo 180 zilizoongezeka ni foleni, ni paketi zimesimama kwenye kumbukumbu ya ruta yenu zinasubiri zamu. Grafu ya matumizi peke yake haiwezi kukwambia hili hata uikodolee macho mpaka asubuhi.

Ngoja niwape kisa mcheke kidogo. Kwenye kile chumba tulikuwa na laini moja ya giga 1 kwa sekunde kwenda mkoani. Wateja wanalalamika kila siku, grafu inasema matumizi ni megabiti 60, 90, 40, 110, inarukaruka. Tukaomba laini iongezwe, bosi akasema nyie vijana mnapenda vifaa vipya, ona hapa, haijawahi kufika hata robo. Na kweli haikuwahi, maana haikuwezekana! Kaunta tuliyokuwa tunaisoma ilikuwa ile ya zamani ya biti 32, yaani yenye nafasi ndogo ya kuandikia namba. Hiyo ikihesabu baiti kama bilioni 4.29 inajaa inaanza tena sifuri, kama mita ya gari kuukuu inayorudi 00000. Kwenye laini ya giga iliyojaa inazunguka kila baada ya sekunde 34 hivi, na sisi tulikuwa tunaisoma kila dakika 5. Piga hesabu mwenyewe, kwa mtindo huo namba kubwa kabisa ambayo grafu inaweza kuonyesha ni kama megabiti 114, hata laini ikibeba 800. Miezi mingapi tunatazama takataka na kufanya vikao juu yake! Tulivyobadilisha tukasoma kaunta ya biti 64 mstari ukaruka mpaka darini jioni ileile. Bosi akauliza nani kaongeza wateja.

Tangu siku hiyo sina imani na grafu ambayo sijui imetoka kaunta gani, inasomwa kila baada ya muda gani, na inatupa nini. Kuna ile ya kutupa asilimia 5, nayo niiseme kwasababu wengi wenu mnaitumia vibaya bila kujua. Makampuni yanayowauzia nyie intaneti ya jumla yanawatoza hivi: wanachukua vipimo vya dakika 5 vya mwezi mzima, vya siku 30 vinakuwa 8,640, wanavipanga kutoka kikubwa mpaka kidogo, wanatupa asilimia 5 za juu, kinachofuata ndo mnacholipia. Kwa ankara ni mtindo mzuri tu, unakusamehe ukipaa ghafla kidogo. Shida ni pale watu wa mipango wanapoichukua namba ileile ya ankara na kuifanya namba ya kupangia uwezo. Asilimia 5 ya mwezi ni saa 36. Gawa kwa siku 30, ni saa moja na dakika 12 kila siku. Maana yake laini inaweza kuwa imekufa kila siku ya Mungu kuanzia saa tatu kamili mpaka saa nne na dakika 12 usiku, wakati watu ndo wametoka kazini wamekula wamekaa, na ile namba yenu isionyeshe chochote. Mnatupa kilekile mlichotakiwa kukiangalia.

Hata hizo dakika 5 zenyewe zinaficha. Laini ikijaa pomoni kwa sekunde 30 halafu ikabaki nusu dakika nne na nusu zilizobaki, grafu inasema asilimia 55. Aliyekuwa anapiga simu ya video zile sekunde 30 anajua alichokiona. Na grafu za mwaka mzima ndo balaa, zile programu za kuchorea ili kuokoa nafasi zinakusanya vipimo vya zamani zinavigeuza wastani wa siku nzima, kwahiyo kadiri unavyoangalia nyuma ndivyo vilele vinavyosagika, halafu mtu anachukua grafu ya mwaka anaipeleka kwenye kikao cha bajeti, milima yote imeshakuwa tambarare.

Sasa msije mkafikiri mimi ni wale wa "mnatuuzia mega 50 mnatupa 5 nyie wezi". Hapana. Kumuuzia mtu laini ya kugawana sio wizi, mimi mwenyewe nafanya hapa hosteli, nina mega 100 na vyumba 90 na siwezi kumpa kila chumba mega 100 zake. Kampuni za simu zimeishi hivo zaidi ya miaka mia, kuna Mdenmark anaitwa Erlang alikuwa Copenhagen, mwaka 1909 alishaandika hesabu za simu zinaingiaje, na hesabu zake za baadae ndo zikawa za kujua uweke laini ngapi ili wanaopiga wasikose. Hata faiba ya nyumbani ya GPON, ule mtindo wa uzi mmoja kugawiwa nyumba nyingi, iko hivohivo, poti moja ina giga 2.4 hivi ya kushusha na inagawiwa nyumba 32 au 64, ukiuza mega 50 kwa nyumba 64 umeshauza giga 3.2, umezidisha, na hakuna anayelia kwasababu sio wote wanavuta kwa sekunde moja. Kanuni ya kugawana haina ubaya. Ubaya unaanza pale unapogawa kwa namba uliyorithi ya miaka ya watu kusoma imeili, laini ya mtu mmoja kwa watu ishirini, ya mmoja kwa hamsini, halafu siku hizi nyumba nzima ina video tatu zinacheza saa ileile. Imeili watu wanasoma kwa zamu bila kupangiwa. Mechi haiangaliwi kwa zamu.

Kwahiyo mpangaji akitaka kujua laini inatosha watu wangapi asianze na kifurushi kilichoandikwa kwenye bango, aanze na mteja mmoja anavuta kiasi gani saa ile ya msongamano, azidishe kwa wateja alionao, aweke na wale ambao timu ya mauzo imeshaahidi kuwaunga mwezi ujao. Kwenu kuna ukuta kati ya mauzo na mafundi, nimeuona kwa macho yangu. Mauzo wanafanya promosheni mtaa mzima wa Goba, mafundi wanajua wakiona kwenye grafu. Na kipimo cha mteja mmoja akipate mahali ambapo laini haijajaa, akikipima kwenye ile meza anapata namba ya watu waliojibana. Nimeshaona hii pia, laini ikaongezwa maradufu, wakubwa wakafurahi tumetatua kwa miaka miwili, kesho yake jioni robo tatu ya nafasi mpya imeshaliwa. Wakasema wateja wana tamaa. Tamaa gani, ni wale wa kituoni wamepata gari.

Halafu kuna kusubiri. Kila kampuni ina ule msemo "tukifika asilimia 80 tutaongeza". Sawa, hesabu ya duka tu, matumizi yakikua asilimia 3 kwa mwezi, ambayo inaonekana ndogo, ukianzia 70 una mwaka mmoja tu mpaka ujae. Ukianza kushtuka ukiwa 85 una miezi mitano na nusu. Yakikua asilimia 5 kwa mwezi, ile 70 inakupa miezi saba. Sasa niambieni kwenu kuongeza laini kunachukua miezi mingapi, andiko, kikao, kikao cha pili kwasababu mkurugenzi wa fedha alisafiri, zabuni, kifaa kiagizwe nje, bandarini, kibali cha kuchimba. Kama jibu ni miezi sita basi asilimia zenu za kushtukia zinatakiwa zihesabiwe kurudi nyuma kutoka hapo, na ziwe tofauti kwa kila laini, sio namba moja ya kubandika ukutani. Na zihesabiwe kwenye saa ya msongamano, nimeshasema.

Hapo bado sijagusa siku ya balaa, na sisi balaa tumeshaliona. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nani kasahau. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika zote upande wa kusini huko karibu na Durban, na Tanzania tukawa kati ya walioumia zaidi, hosteli wanafunzi walikuwa wanapanda juu ya paa kutafuta mtandao kama vile shida ni mnara. Mlitoa taarifa kwamba ni hitilafu ya kebo baharini, nje ya uwezo wetu. Kweli kukatika kwa kebo kuko nje ya uwezo wenu. Ila ngoja turudi nyuma kidogo. Februari ileile Seacom ilikuwa imeshakatika Bahari ya Shamu, pamoja na kebo nyingine, na iliaminika ni nanga ya ile meli Rubymar iliyopigwa na Wahouthi wa Yemen ikawa inaelea inaburuza. Kutengeneza kukachelewa kwasababu eneo ni la vita. Maana yake kuanzia Februari njia ya kaskazini ilikuwa imeumia na mizigo mingi ya ukanda huu imehamia kusini, na kusini nyaya hizi mbili zinapita bahari ileile na zinatua kijiji kilekile cha Mtunzini Afrika Kusini. Ukiwa na nyaya mbili za njia moja, kwa hesabu ya siku mbaya una moja. Kenya nao waliumia ila sio kama sisi, pale Mombasa wana kebo ya TEAMS inayokwenda Fujairah, Falme za Kiarabu, tangu 2009 na nyingine zilizokuja baadae.

Mtu wa mipango angekaa Machi na karatasi tu akauliza, leo njia ya kusini ikikatika tunapita wapi, na huko kuna nafasi kiasi gani tuliyolipia tayari, sio ya kwenda kuomba siku ya msiba ambapo kila mtu anaomba na bei imepaa. Sijui kama kuna aliyeuliza. Najua tu kwamba kule nilikofanya kazi hilo swali halikuwa kwenye ripoti yoyote. Tulikuwa na laini mbili za giga 10, kila moja inabeba giga 7, ripoti inasema zote kijani, asilimia 70, hongereni. Moja ikikatika giga 14 zinataka kupita kwenye 10. Hizo laini mbili zilikuwa zimeshajaa toka zilipopita giga 5 kila moja, ila hakuna rangi kwenye skrini ya kuonyesha hivo. Ukiwa na tatu unaweza kwenda mpaka asilimia 66 hivi kila moja. Ukiwa na mbili ni nusu. Mhasibu ataona ni hela imelala, namuelewa, lakini na tairi la spea nalo limelala kwenye buti.

Kitu cha bei nafuu kuliko vyote ni kuacha kusafirisha mzigo ambao haukuwa na haja ya kusafiri. Kache za video, yaani nakala zinazotunzwa karibu na watazamaji, na vituo vya kubadilishana mizigo ndani ya nchi. Pale Dar kituo cha kubadilishana tunacho tangu 2004, TIX, na bado ukifuatilia njia unakuta paketi inatoka Sinza kwenda seva iliyoko Mikocheni kupitia Ulaya. Kenya kituo chao, KIXP, kilikuwa kinabeba giga 1 saa za kilele mwaka 2012, mwaka 2020 kikafika giga 19, na kwa kipindi hicho mzigo unaopatikana ndani ukatoka asilimia 30 mpaka 70. Huo wote ni mzigo ambao haukupanda baharini, kebo ikikatika wenyewe unaendelea kucheza. Kuunga poti pale na kukubali kubadilishana na mshindani wako ni uamuzi wa bosi zaidi kuliko wa fundi, ndo maana nawaandikia nyie.

Kwa nyie wa mamlaka ya mawasiliano neno moja au mawili. Kanuni za ubora wa huduma mnazo, za 2018, sio kwamba hakuna sheria. Naomba tu kipimo kiwe kwenye nyumba za watu na kiwe usiku. Gari la vipimo likipita mchana kwenye barabara kuu linapima mchana wa barabara kuu. Na spidi testi msiiamini sana, seva yake mara nyingi iko ndanindani ya mtandao wa kampuni, ni kama kupima mwendo wa gari getini kwako, hujafika barabarani. Marekani tume yao ya mawasiliano, FCC, mwaka 2011 walianza kutumia kiboksi kidogo kinachochomekwa nyumbani kwa wateja waliojitolea, kinapima chenyewe, na walikuwa wanaangalia hasa siku za kazi saa 1 jioni mpaka saa 5 usiku. Hela ya viboksi 200 vya kusambaza Dar, Mwanza, Mbeya na Dodoma haiwezi kuwashinda. Mtangaze namba tatu tu kwa kila kampuni, spidi saa tatu usiku, paketi zinazopotea, na pingi inaongezeka kwa kiasi gani kulinganisha na alfajiri. Waandishi wa habari watafanya iliyobaki.

Na nyie mabosi siwaombi mnipe mega zaidi za bure, nitalipia. Naomba kesho kwenye ule mkutano wa asubuhi mtu mmoja aulize vitu viwili. Laini ngapi za kwetu zina umbo la meza jioni? Na kaunta ya paketi zilizotupwa, nani anaisoma? Kama chumba kikikaa kimya mtakuwa mmeshapata pa kuanzia. Msimfokee kijana wa zamu, hajui kwasababu hajawahi kuulizwa, mimi pia nilikuwa sijui mpaka ile kaunta ya biti 32 iniumbue.

Vipimo vya hosteli ninavyo, pingi kila dakika moja, miezi mitano sasa, mchana na usiku, na ile grafu ya 48 nimeitunza. Namba ya mkataba wetu iko kwenye malalamiko niliyofungua, mliyafunga wenyewe mkaandika "limetatuliwa". Lifungueni tena.

Wasalaam,
fundi wa hosteli, zamani zamu ya usiku.